Aliyeshika Kamba ya Twiga

Watu waliowaona kwa mara ya kwanza walicheka, na hatuwezi kuwalaumu. Mmoja alikuwa mrefu wa kuinamia kila mlango, mwingine mfupi na mpana, na yule mrefu ndiye aliyekuwa akiingia mashimoni. Walioshangaa waliuliza kwa nini mambo yamepinduliwa namna ile. Jibu lilikuwa jepesi. Mrefu alikuwa mwembamba, akijikunja anapita popote. Mfupi aliwahi kujaribu siku yake ya kwanza kazini, akakwama kiunoni kwenye mdomo wa shimo, miguu ikining'inia chini na kiwiliwili kikiwa katikati ya barabara, magari yakimpigia honi, mpaka wenzake wakaja kumchomoa. Tangu siku hiyo akaitwa Kifuniko. Yule mrefu aliitwa Twiga, na hilo halihitaji maelezo.

Walikuwa wazibuaji wa mitaro ya maji ya mvua. Chini ya barabara za jiji lile kulikuwa na mabomba mapana na mahandaki ya zege ambayo kila msimu yalijaa mchanga, chupa na viatu vya upande mmoja, na ilibidi mtu ateremke kuvitoa kwa mikono. Sheria ya kikosi ilikuwa moja: hakuna anayeteremka bila kamba kiunoni, na hakuna kamba bila mtu wa kuishika huko juu. Mshika kamba hakubadilishwa ovyo. Kila aliyeteremka alikuwa na wake, na kwa kuwa sauti haifiki kwenye kelele za maji, walizungumza kwa kuvuta. Mvuto mmoja, simama. Miwili, legeza. Mitatu, nitoe, na usichelewe.

Washika kamba wengine walisimama. Kifuniko aliketi. Alikuwa akiizungusha kamba kiunoni, anatua chini kwa makalio yake yote, anatanua miguu na kukita visigino, na hapo hata lori lisingemtikisa. Hakuna aliyemfundisha, na Twiga hakuwahi kumwomba. Twiga akiwa chini alijua tu kwamba huko juu kuna mtu ameketi.

Walifanya hivyo miaka mingi, wakawa chanda na pete. Mgongo wa Twiga ukianza kuuma, Kifuniko alijua kabla ya mke wa Twiga. Na tusifichane, alijivunia. Kuna watu hujivunia mashamba, wengine watoto waliosoma. Yeye alijivunia kwamba uhai wa mtu mmoja mrefu ulifungwa kiunoni mwake kila asubuhi, na mwenye uhai hakuwahi kutaka ufungwe kwingine.

Ndipo likaja bwawa.

Nyuma ya soko kulikuwa na uwanja wa taka uliokatwa katikati na mtaro wa zege, ulionyooka kama rula. Mvua ikinyesha, maji yalipita pale kwa kasi na kufika mitaa ya chini yote kwa pamoja, yakaingia vyumbani mwa watu bila hodi. Wahandisi wakaamua kwamba dawa yake ni kuyapunguza mwendo. Zege likavunjwa, mtaro ukapewa kona na mchanga kama kijito cha kweli, ukaishia kwenye bwawa pana lenye kingo za ngazi ngazi. Kwenye ngazi hizo yakapandwa matete, mafunjo na nyasi za maji. Bwawa liliachwa nusu tupu makusudi, ili mvua kubwa ikija ipate pa kukaa, kisha maji yatoke kidogo kidogo kwa bomba moja upande wa chini.

Kifuniko alilidharau tangu siku ya kwanza. "Wanachimba shimo la kufugia vyura," alisema, kikosi kizima kikaangua kicheko, naye akanogewa, akawa anairudia kila siku. Basi msimamizi alipokuja kuuliza nani anataka kuhamia kikosi cha bwawa, nafasi mbili zikiwa wazi, Kifuniko alikuwa ameshajifunga kwa mdomo wake mwenyewe.

Twiga alimfuata jioni hiyo wakati wanasafisha mabuti.

"Ndugu yangu, mgongo huu haujikunji tena. Kule mtu anafanya kazi amesimama. Nafasi ni mbili. Twende."

"Mimi nikachunge vyura?"

"Basi na mimi nikatae?"

Kifuniko alitaka kusema ndiyo, kataa. Alitaka zaidi ya hapo: alitaka Twiga akatae mwenyewe, bila kuombwa. Badala yake akaendelea kusugua buti ambalo lilikuwa limeshatakata. "Nenda tu. Nani kakufunga?"

"Unasema kweli?"

"Nimekwambia nenda."

Twiga akaenda, na hilo Kifuniko hakulitarajia hata chembe.

Nafasi ya pili ilichukuliwa na mwanamke mmoja mjane aliyekuwa akiuza miche kando ya barabara, mwenye mikono midogo na sauti kubwa. Kwa kuwa yeye ndiye aliyeyapanda matete yote ya bwawa, watu walimwita Mama Matete. Kifuniko alikuwa hajawahi kuzungumza naye, lakini alianza kumchukia kwa bidii.

Msimamizi alimpa mtu mwingine wa kumshikia kamba, mzibuaji mwenye heshima zake, asiye na kosa lolote isipokuwa kwamba hakuwa Twiga. Kifuniko akamwona hafai kwa kila kitu. Anavuta kama anapiga kengele. Anakohoa sana. Akitoka shimoni hasemi asante. Na akisema asante, anaisema vibaya. Mwisho msimamizi akachoka kusuluhisha.

"Wewe bwana, hii ni kazi au ndoa?" akamuuliza. "Nitakuweka mahali huhitaji mwenzako."

Akamweka kwenye wavu. Pale kijito kilipoingia bwawani palijengwa mlango wa zege wenye wavu wa nondo, wa kuzuia taka zisiende kwenye matete. Kazi ya Kifuniko ikawa kukwangua taka kwa reki na kuzilundika kando. Wavu uliweza kuinuliwa kwa mnyororo, lakini hilo lilikuwa la kiangazi tu, wakati wa kuuosha. Msimamizi alilisema hilo na kulirudia. Alichosahau ni kwamba wavu ulikuwa juu kidogo, na kutoka pale mtu aliliona bwawa lote, kila kona yake na kila aliyekuwemo.

Siku za mwanzo Kifuniko alitazama akiwa amesimama. Halafu kiti cha plastiki kikaletwa na maji, mguu mmoja umevunjika. Akaufunga kwa waya mwekundu, akakiweka kando ya wavu, akaketi. Mgongo aliupa taka na uso akaupa bwawa.

Aliona mambo mengi kutoka kwenye kile kiti, na yote yalimchoma. Aliona Mama Matete akimwonyesha Twiga jinsi ya kugawa shina la tete kwa kisu na kulilaza kwenye tope, na Twiga, ambaye Kifuniko alimjua hajui hata kupanda kitunguu, akiinama kusikiliza. Aliwaona wakinywa chai kwa kifuniko kimoja cha chupa, kwa zamu. Aliwaona wakisimama kimya kumtazama ndege mmoja mweupe mwenye miguu mirefu kana kwamba wamepewa zawadi. Baya kuliko yote, aliona Twiga amenyooka. Mgongo ule alioujua, uliokuwa ukitoka shimoni umepinda na kulalamika, sasa ulisimama wima juani, na Kifuniko akauona unyoofu ule kama usaliti.

Mara mbili tatu Twiga alipanda hadi kwenye wavu kumsalimia.

"Shuka uone, ndugu yangu. Kuna kereng'ende wekundu wameanza kuja. Maji yanatoka upande wa pili yametakata mpaka unaona mchanga."

"Nina kazi," Kifuniko alijibu, akiwa ameketi.

Twiga alikitazama kiti, akaitazama reki iliyolala chini, akarudi bwawani. Baada ya hapo hakupanda tena, na Kifuniko akapata kosa jingine la kumhesabia: hata salamu siku hizi hakuna.

Nyumbani mambo yalimfuata. Mkewe alikuwa fundi cherehani, akishonea kwenye chumba cha mbele, huko huko mitaa ya chini ambako maji yalizoea kuingia bila hodi. Mguu ukiwa kwenye kanyagio, alimsikiliza mumewe akieleza jinsi yule mama alivyoshika jembe vibaya, na alivyocheka, na alichovaa.

"Mume wangu," akasema bila kuinua macho kwenye mshono, "mimi mwaka juzi nilikaa kwa dada yangu mwezi mzima. Ulipiga simu mara moja, kuuliza chumvi iko wapi."

"Hayo ni mengine."

"Najua ni mengine. Nataka kujua tu, nikianza kuteremka mashimoni na mimi nitaonewa wivu?"

"Nani kasema wivu?"

"Hakuna aliyesema." Akakata uzi kwa meno. "Mwambie umemkumbuka. Kwani mdomo utapasuka?"

Alikuwa amemgusa penyewe, ndiyo maana Kifuniko akanuna mpaka asubuhi. Lakini kulikuwa na jambo moja lililompa nafuu, na alilishika kwa nguvu zote. Kwenye bwawa hakuna mashimo. Twiga alikuwa amemaliza kazi ya kamba. Anaweza kunywa chai na amtakaye na kushangaa ndege na amtakaye, lakini kamba yake iliwahi kushikwa na mtu mmoja tu hapa duniani, na itabaki hivyo. Kifuniko aliona kwamba na hilo tu anaweza kuzeeka nalo.

Kumbe bwawa lilikuwa na shimo. Pale maji yalipotokea, upande wa chini, kulikuwa na kisanduku cha zege chenye ngazi za chuma ndani, na sakafuni mwake mdomo wa lile bomba. Pembeni yake palikuwa na lango la gurudumu, la kupunguzia maji bwawa likijaa kupita kiasi. Mdomo ukizibwa na majani, lazima mtu ateremke auzibue. Kifuniko hakuwahi kushuka huko, kwa hiyo hakujua.

Alijua siku aliyowaona wakileta kamba. Ilikuwa mchana wa joto zito, mawingu yamejaa upande wa vilima. Kwa mbali aliitambua kamba yenyewe: ile ile, yenye kiungo cha bluu katikati, kiungo alichokisuka yeye kwa vidole vyake ilipolika kwenye ukingo wa zege. Twiga aliifunga kiunoni mwake. Ncha ya pili akampa Mama Matete. Twiga akasimama kwenye nyasi, hata shimoni hakuingia, akavuta. Yule mama akafanya kitu. Twiga akatikisa kichwa, akavuta tena. Safari hii mama akayumba, akaangukia makalio kwenye tope, wote wawili wakacheka mpaka Twiga akashika mbavu.

Kifuniko aliona giza. Nitasema wazi, kwa sababu yeye mwenyewe alilisema wazi moyoni: alitamani bwawa lile likauke, matete yaungue, na yule mama arudi akauze miche yake kando ya barabara hadi dunia iishe. Roho ilimuuma mpaka mkono ukatafuta la kufanya, na la kufanya lilikuwa karibu. Tangu asubuhi alikuwa hajakwangua. Nyuma ya wavu taka zilikuwa zimejaa, chupa juu ya chupa. Akaushika mnyororo, akavuta, wavu ukapanda ukilia, akautundika kwenye ndoano.

Taka zikateleza kwenda bwawani taratibu, zikatawanyika kwenye matete.

"Waokote," akasema. "Si wanapenda kazi za kusimama."

Akaketi kwenye kiti chake aone. Furaha aliyoitegemea haikufika. Walileta vikapu, wakaanza kuokota. Twiga aliinua kichwa mara moja, akautazama wavu ulioning'inia hewani, akamtazama na yeye kwa muda. Kifuniko akajifanya anafunga kamba ya buti, ingawa mabuti ya mpira hayana kamba. Alijiambia atauteremsha wavu wakishachoka.

Mvua haikumngoja. Ilikuwa imenyesha vilimani tangu mapema, na maji yalifika kabla ya tone la kwanza kuanguka pale. Alisikia mlio, akageuka, akaona kijito kimebadilika rangi na kinakuja na matawi. Akarukia mnyororo. Tawi lilikuwa limeshajibana chini ya wavu, nondo zikagoma kushuka. Alining'inia kwenye mnyororo kwa uzito wake wote, ule uzito ambao watu waliutania, na kwa mara ya kwanza haukufaa kitu. Maji yakapanda ukingo, yakamfika magotini. Kiti kikaelea, kikazunguka kama kinaaga, kikapita chini ya wavu. Alikiona kikienda, asikifikirie hata kidogo.

Kisha mvua ikamwagika yenyewe, na bwawa likaanza kujaa.

Lilitengenezwa lijae, hilo alilijua. Lakini lilijaa kupita alama ya ukomo iliyochorwa kwenye zege, na bado likapanda. Matete yakazama mpaka shingoni. Upande wa chini, kwenye bomba la kutokea, kijito kilichotakiwa kunguruma kilikuwa kinachuruzika tu. Bomba limeziba. Maji yakivuka ukingo yatakwenda mitaa ya chini yote kwa pamoja, kama zamani, kwenye chumba chenye cherehani. Na limezibwa na nini, kama si vile alivyovipitisha yeye?

Akakimbia. Wanaomjua wanasema hawakuwahi kumwona akikimbia, na waliomwona siku ile wanasema si jambo la kutazamwa. Alianguka njiani, akainuka.

Kwenye kisanduku cha zege alimkuta Mama Matete peke yake, ameegemea nyuma, kamba mikononi. Kamba iliingia shimoni. Miguu yake ilikuwa inaburutwa kwenye tope kuelekea ukingoni, na kila akiirudisha inateleza tena.

"Yumo ndani?" Kifuniko akauliza.

"Yumo! Kuna kitu kikubwa kimekaa mdomoni mwa bomba. Na lango la pembeni halijafunguliwa, hakuna mtu wa kulifungua."

"Leta hapa. Wewe kafungue lango."

Yule mama alimtazama. Alimjua ni nani. Mtu akikutazama kila siku kutoka kwenye kiti, unamjua. Alisita kuiachia kamba, na hata katika hali ile, mvua ikimpiga usoni, Kifuniko aliona jinsi anavyosita, akaona wivu. Mimi ndiye wa kuombewa ruhusa hapa?

"Mama, leta."

Akampa, akakimbilia lango la pembeni, upande wa pili wa shimo. Kifuniko akaizungusha kamba kiunoni, akaketi kwenye tope, akatanua miguu, akakita visigino. Kiungo cha bluu kikatua kwenye kiganja chake. Kamba ikatulia.

Twiga huko chini hakujua kwamba mikono imebadilika. Aliendelea na kazi. Kifuniko alimhisi kwa kiuno kama zamani: sasa ameinama, sasa anachokoa kwa kulabu, sasa anapumzika. Alikuwa hajahisi hivyo kwa muda mrefu, na pamoja na hofu yote kitu ndani yake kikafurahi.

Ndipo kamba ikasema. Miwili mifupi, halafu mmoja mrefu, wa kuning'inia.

Kifuniko hakuelewa.

Ikarudia. Miwili mifupi, mmoja mrefu. Ilikuwa na haraka. Ilikuwa neno, na neno lenyewe hakulijua. Katika miaka yote ile hawakuwahi kuwa na ishara kama hiyo. Hii ilitungwa baadaye, kule kwenye nyasi, kwa vicheko, na yule mwingine. Wametunga lugha yao, akafikiri, na maumivu yaliyompata hayakuwa na aibu ya kuchagua wakati. Mwenzake yuko kwenye shimo la maji, naye anaona wivu.

Likamjia na lingine baya zaidi. Miwili ni legeza. Kwa lugha ya kikosi, miwili ni legeza, kila mtu anajua. Akilegeza, atakuwa amefanya alichofundishwa, na kama kuna kosa ni la waliobadilisha. Hakuna atakayemlaumu. Vidole vyake vilikuwa juu ya kamba na wazo lile likiwa ndani yake, lote, na alilijua lilivyo.

Akainua kichwa na kupaza sauti kuvuka shimo, sauti aliyoitoa kwa shida kuliko kitu chochote alichowahi kukivuta.

"Mama! Miwili mifupi na mmoja mrefu! Anasema nini?"

Yeye aligeuka akiwa amelishika gurudumu la lango. "Nini?"

"Sijui anachosema! Niambie!"

"Anasema Kifuniko!"

Alidhani anaitwa. "Nipo! Anasema nini?"

"Ndiyo hivyo! Ishara inaitwa Kifuniko! Keti chini, zungusha kamba kiunoni, kita miguu! Anataka kung'oa, maji yatamvuta! Amenifundisha leo, mimi siiwezi, naanguka tu! Keti, baba, keti!"

Kifuniko alikuwa ameketi. Alikuwa ameketi tangu mwanzo, kamba kiunoni, visigino ndani ya tope mpaka kwenye vifundo. Twiga hakuwahi kuhitaji kumwomba hilo. Ni kwa yule mwingine tu ndipo alihitaji kulitafutia neno, na alipolitafuta akapata hilo.

Alijibu kwa ishara ile ile, kuonyesha kwamba amesikia. Akangoja.

Kilichokuwa mdomoni mwa bomba kiling'oka. Alikihisi kabla ya kusikia mngurumo. Maji yote ya bwawa yalipata njia kwa pamoja na yakataka kwenda na Twiga. Kamba ilimbana Kifuniko mbavu mpaka pumzi ikakata. Aliburutwa kidogo, tope likajaa kati ya miguu yake, visigino vikagota kwenye ukingo wa zege, vikakaa. Upande wa chini kijito kikaanza kunguruma.

Mivuto mitatu. Hiyo aliijua. Akavuta.

Twiga alitokea kichwa kwanza, kisha shingo ndefu, kisha mkono mmoja, na mkono wa pili ukiburuta kitu. Alilala kifudifudi kwenye zege akitapika maji. Alipopata nguvu ya kuinua macho, alifuata kamba kwa macho kutoka kiunoni mwake, kupita kiungo cha bluu, hadi ilipoishia.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

Twiga akavuta kile kitu kilichotoka naye, akakisimamisha kwenye tope kati yao. Kilikuwa kiti cha plastiki. Mguu mmoja ulifungwa kwa waya mwekundu.

Wote wawili walikitazama. Mvua ilikigonga. Kifuniko alifungua mdomo, kwa sababu lazima mtu aseme kitu, akakuta hakuna neno lililobaki humo isipokuwa lile ambalo mkewe alimwambia aliseme.

"Nilikukumbuka," akasema.

Twiga alipangusa uso, akakaza fundo la kamba kiunoni mwake, akalijaribu kwa vidole viwili kama alivyozoea. "Kuna chupa bado, na tawi," akasema. "Narudi." Akashika ngazi ya chuma, akateremka kwa kamba iliyoshikwa na yule yule aliyemjazia bomba, bila kugeuka nyuma.

Mama Matete alifika akihema, ameshalifungua lango, viganja vyake vimechubuka. Akaona kiti, akamwona mwenye kiti, akaelewa. Alijitupa kwenye tope nyuma ya Kifuniko, akatanua miguu kama alivyofundishwa, akanyoosha mkono.

"Nipe na mimi nishike."

Kifuniko alisikiliza kamba ikipumua kiunoni mwake. Halafu akampitishia ncha iliyobaki nyuma yake, ule mkia usiokuwa na kazi.

"Hapo tu," akasema. "Usifike kwenye bluu."